Kazi ya Kuita Majina

Kabla sijapelekwa mbele nilikuwa jikoni, na jikoni nilikuwa na amani. Nilisimama mbele ya beseni la unga nikivingirisha vipande vya kuku, nikivikung'uta na kuvipanga kwenye waya. Mashine za mafuta zilinguruma kiasi kwamba ukiulizwa jambo unaweza kuitikia kwa kichwa na hakuna atakayeona ajabu. Mimi ni mtu wa kuitikia kwa kichwa tangu utotoni. Shuleni, mpaka nilipomaliza darasa la nane na masomo yangu yakaishia hapo, walimu waliandika maneno yaleyale kila muhula: mtulivu, aongeze sauti.

Hoteli yenyewe ni ya ile kampuni ya kuku ambayo ina matawi karibu kila nchi. Ilipofunguliwa Garissa, kwenye barabara kuu, watu walikuja kwanza kuangalia. Wazee walisimama mlangoni wakasomewa cheti cha halali, wakauliza nani anachinja na wapi, wakaridhika, wakaenda zao bila kununua. Nyama kwa watu wetu ni ngamia, ni mbuzi. Bibi yangu alikuwa akisema kuku ni ndege, na ndege hupewa mgonjwa asiyeweza kutafuna.

Kampuni haikukata tamaa. Walitundika pazia upande wa kulia ili mama na watoto wakae bila kutazamwa. Waliongeza bomba za kunawia mikono. Waliona watu wanaacha chipsi, wakaleta wali. Kisha wakaona watu wanakula wali huku wakitazama huku na huko kama waliopoteza kitu, mpaka mtu akawaambia kwamba wali hapa haupandi mezani bila ndizi. Ndizi zikaletwa. Ikaja pilipili ya kusaga yenye ndimu, ikaja chai ya maziwa ya ngamia, na Ijumaa mlango ukawa unafungwa wakati wa swala. Baada ya hapo huwezi kupata kiti saa ya mchana.

Meneja wetu ni mama kutoka Kenya. Huku kwetu ukivuka daraja la mto Tana kuelekea Nairobi tunasema umekwenda Kenya, kana kwamba hapa ni nchi nyingine. Mwanzoni alikasirika akisikia hivyo. Baadaye akawa anasema mwenyewe, "Wiki ijayo naenda Kenya kuona watoto." Ni mtu wa haki, ana sauti kubwa, na anatuita sote dada na kaka.

Kwa hiyo mambo ya kwenye sahani waliyabadilisha yote. Jambo moja halikubadilishwa kwa sababu hakuna aliyeliona kuwa ni jambo. Katika kampuni ile, kila tawi duniani, mteja anapoagiza huulizwa jina lake. Jina linabandikwa kwenye trei. Chakula kikiwa tayari, mtu wa kaunta analiita kwa sauti kubwa na kwa tabasamu, na mteja anainuka kwenda kuchukua. Sheria inasema mgeni akiitwa kwa jina lake hujihisi yuko nyumbani. Mtu wa kaunta haruhusiwi kutoka nyuma ya kaunta.

Kijana aliyekuwa akiita majina alipata nafasi ya chuo, akaondoka. Jikoni nafasi yangu ilishachukuliwa na binti mwingine aliyekuwa na mikono mepesi kuliko yangu. Meneja akaniita pembeni.

"Dada, nitakwambia ukweli," akasema. "Nimebaki na nafasi moja tu, ya mbele. Mkaguzi anakuja kutoka Nairobi kutazama huduma. Akiona unaiweza, wewe ni wetu kabisa. Akiona hujaiweza, sitakuwa na pa kukuweka. Umenielewa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hapo ndipo tunapoanzia," akasema. "Nijibu kwa mdomo."

Nyumbani nilimwambia mama. Mama huuza maziwa ya ngamia sokoni, na msimu ule ngamia walikuwa wamepelekwa mbali kufuata malisho, maziwa yalikuwa yakifika kwa shida. Dada yangu mdogo alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule ya sekondari, na tulikuwa tumekubaliana kwamba mshahara wangu ndio utakaomweka huko. Mama alijua yote hayo. Hata hivyo aliweka kibuyu chini akaniangalia.

"Utasimama mbele ya watu umwite mwanamume wa watu kwa jina lake, kama unaita mbuzi?"

"Ndiyo kazi yenyewe, hooyo."

"Na wake zao?"

"Hata wao."

Akatikisa kichwa, akaendelea kusuuza kibuyu. "Basi ita polepole," akasema, na hilo ndilo lililokuwa tatizo langu lote.

Siku ya kwanza niliita jina moja ambalo sitaliandika, ingawa ukifikiri kidogo utalijua, maana karibu kila nyumba ya Garissa ina mtoto mwenye jina hilo. Nilifumba macho nikaliita. Nilipofumbua, nusu ya wanaume waliokuwa ndani walikuwa wamesimama. Walitazamana, wakaanza kucheka, na mmoja akachukua trei akaenda nayo, na ilikuwa si yake.

Meneja akasema tuongeze jina la baba. Wakasimama wachache zaidi, lakini bado zaidi ya mmoja. Tukaongeza la babu. Hapo wakasimama wawili, kila mmoja akidai trei, na walipofuatilia wakakuta ni kweli majina yao yalilingana mpaka kwa babu, kwa kuwa babu alikuwa mmoja. Walikuwa binamu ambao hawakuonana tangu mmoja wao ahamie Eldas, mbali kaskazini. Walikumbatiana palepale mbele yangu. Foleni nyuma yao ikanguruma.

Ndipo meneja akagundua kwamba watu wetu wanatambuana kwa majina ya utani, na akafurahi sana. Kila mtu analo, na huwa linasema kile kinachoonekana: mrefu ni Mrefu, aliyepoteza jino ni Pengo. Meneja akaagiza mteja aulizwe jina la utani. Hakujua, na mimi sikuthubutu kumweleza, kwamba jina la utani ni la rafiki zako kukuita, na tena mahali fulani, wakati fulani. Mchana ule alikuja mfanyakazi wa ofisi moja ya serikali, mtu wa heshima, na rafiki yake aliyesimama nyuma yake kwenye foleni akadakia kwa mzaha na kumtajia karani wa kupokea oda jina la utani la mwenzake. Likabandikwa. Nikaita, "Kipara!" Kumbe bwana yule alikuwa amemleta baba mkwe wake kula. Alikuja kuchukua trei akiwa amevaa kofia ambayo hakuingia nayo. Sijui aliitoa wapi.

Kwa wanawake ilikuwa mbaya zaidi. Nikiita jina la mama aliyeko nyuma ya pazia, pazia halitikisiki. Anatumwa mtoto. Mara moja alikuja mume.

"Nani amekwambia utangaze jina ya mke yangu kwa tuktuk zote za Garissa?" aliniuliza.

"Samahani, adeer," nikasema, yaani ami.

"Andika yangu. Mimi nimezoea kusumbuliwa."

Aliyekuwa akifurahia haya kuliko wote ni dalali mmoja wa soko la mifugo, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina, ambaye alikuwa na meza yake karibu na kaunta na hakupenda kuihama. Alikuwa akila kipande kimoja cha kuku kwa muda ambao mwingine angemaliza mbuzi.

"Abaayo, dada yangu," aliniambia, "nipe mimi hiyo kazi. Mimi nikiita ngamia yuko ng'ambo ya mto, anavuka."

"Ngamia hana mkwe, adeer," nikasema taratibu. Alicheka mpaka akapaliwa. Nadhani tangu siku ile alikuwa upande wangu.

Nilijaribu. Asubuhi, kabla ya kufungua, meneja alisimama mwisho wa ukumbi na mimi nyuma ya kaunta, nikimwita yeye. "Sauti, dada! Bado! Mimi niko Kenya, sijakusikia!" Sauti yangu ilitoka, ikafika meza za katikati, ikarudi. Nilikuwa nalala nikiota trei zimejipanga mpaka barabarani, kila moja na jina, na mdomo wangu umejaa unga.

Mkaguzi alikuja. Alikuwa mtu mpole mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono, akakaa pembeni na kikombe cha chai ya ngamia, akaitazama kwanza, akainywa, akaagiza nyingine. Alimuuliza meneja kwa nini kila mtu ana ndizi. Meneja akamweleza. Akaimenya yake, akaila pamoja na wali kama aliyekuwa akiwatazama wengine, akasema, "Haya."

Swala ya adhuhuri ilipokwisha watu waliingia kwa wingi. Dalali wa hina aliagiza wa kwanza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipofungua mdomo kuita jina lake, kabla sijafika katikati, aliruka kutoka kitini.

"Nimesikia! Nimesikia!" akasema kwa ukumbi mzima. "Sauti gani hii, mpaka Eldas wamesikia!"

Watu wakacheka. Mkaguzi naye akatabasamu. Nikaita wa pili, wa tatu, sauti ikitetemeka lakini ikifika. Meneja, nyuma yangu, alikuwa akinong'ona, "Hivyo hivyo, dada. Hivyo hivyo."

Kisha ikaja trei yenye jina la mwanamke. Nikaliita. Hakuna aliyeinuka. Nikaliita tena kwa nguvu zaidi. Pazia halikutikisika, hakuna mtoto aliyetumwa. Mkaguzi akainua macho kutoka kwenye kikombe.

"Tena," meneja akanong'ona.

Mara ya tatu sauti yangu ilikatika katikati ya jina, ikatoka mlio kama wa kifaranga. Vijana wa tuktuk mlangoni waliangua kicheko. Hapo nikaona, kwenye meza iliyo karibu na bomba, msichana mdogo mwenye bandeji kwenye jicho moja anataka kuinuka, na mkono wa mwanamke mzee umemshika begani, unamrudisha kitini. Yule mama hakuwa kiziwi. Alikuwa amesikia mara zote tatu. Alikuwa anatazama meza yake tupu, ameketi wima, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja.

Sikufikiri sheria. Ningependa kusema niliamua jambo fulani, lakini ukweli ni kwamba nilishindwa tu kumwita mara ya nne mtu mwenye uso ule. Nilishika trei, nikainua ubao wa kaunta, nikatoka. Kutoka pale mpaka ile meza niliona macho yote yamenigeukia, na ya mkaguzi ndiyo niliyoyahisi zaidi. Nilisema moyoni, kazi imekwisha, angalau chakula kifike kikiwa na moto.

Niliweka trei mbele yake. "Ayeeyo, chakula chenu," nikasema kwa Kisomali, nikimwita bibi.

Aliniangalia. "Umekileta," akasema.

"Nimekileta."

"Mungu akuletee na wewe," akasema, akamwelekeza mjukuu wake kwenye bomba akanawe mikono.

Nilikuwa sijarudi hata nusu ya njia, nikamkuta mkaguzi amesimama na meneja kando yake. "Tafadhali," mkaguzi akaniambia, "nisaidie kumuuliza huyu mama. Jina halikuandikwa vizuri? Hakusikia?" Hakusema kwa ukali. Alitaka kujua kweli.

Kwa hiyo tulirudi wote watatu mezani, na mimi, ambaye sauti yangu ilikuwa imetoka kukatika mbele ya watu wote, nikawa mkalimani. Nilimuuliza mama yule kwa heshima. Alimaliza kwanza kumkatia mjukuu nyama, akaondoa mfupa, akaweka kando. Kisha akasema, na nilikuwa nikigeuza kwa Kiswahili kila alipopumua.

Alisema wametoka Dagahaley, kambi ya wakimbizi. Amepewa ruhusa ya kusafiri kumleta mtoto hospitali kwa ajili ya jicho. Mtoto alikuwa amesikia habari za kuku huyu kutoka kwa watoto wenzake, akaahidiwa kwamba akimvumilia daktari, ataletwa hapa ale. Amevumilia.

"Kule kwetu," akasema, "kila chakula kina mwito wake. Unasimama kwenye mstari, kipaza sauti kinataja jina lako, unakimbia usije ukapitwa. Unga unaitiwa, mafuta unaitiwa. Nimeitwa hivyo tangu mama wa mtoto huyu akiwa mdogo kama yeye. Sisemi vibaya, tumekula na tumeishi. Lakini leo nimelipa. Nilitaka mtoto huyu anione mara moja nimekaa, na chakula kinakuja."

Nilipofika kwenye maneno hayo ya mwisho, Kiswahili changu kilikwama kidogo, nikayarudia ili yatoke sawasawa. Dalali alikuwa ameshika kipande chake cha kuku hewani bila kukila.

Mkaguzi akasema, "Mwambie hatukukusudia kumvunjia heshima."

Nikamwambia.

"Mwambie najua," yule mama akajibu. Akaonja kuku, akatafuna kwa muda. "Na mwambie chumvi imezidi."

Nikasita. Meneja akanitazama. "Amesemaje?"

"Anasema chumvi imezidi, madam."

Mkaguzi akacheka, wa kwanza kabisa, na ukumbi mzima ukacheka baada yake, hata mtoto mwenye bandeji ambaye hakujua kinachochekwa.

Baada ya hapo mkaguzi alitoka nje na simu, akasimama kwenye kivuli cha ukuta akizungumza kwa muda mrefu, mkono mmoja ukipepea. Meneja alikuwa naye. Mwenzangu wa jikoni akashika kaunta, na mimi nikaenda kwenye sinki kuosha trei ambazo nyingi zilikuwa safi. Nilikuwa nahesabu ndani yangu jinsi nitakavyomwambia mama, kisha jinsi mama atakavyomwambia dada yangu, na nikaona ni heri nimwambie dada mwenyewe. Nilijiandaa. Nilikuwa nimeshafika mahali pa kumtafutia maneno ya kumtuliza.

Meneja aliingia akasimama mlangoni. Aliangalia miguu yangu. Siku hizo nilikuwa navaa viatu vya plastiki vilivyolia kila nikipiga hatua.

"Dada," akasema, "tafuta viatu vingine. Hivi vitakuumiza. Kuanzia kesho utatembea sana."

Sikuelewa mara moja. Nilibaki nimeshika trei inayodondosha maji.

"Wamekubali tujaribu," akasema. "Tawi hili halitaita mtu. Mteja anaagiza, anakaa, tunampelekea. Wewe ndiye utakayempelekea, wewe na mwenzako nitakayemtafuta." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Nami koo langu lilikuwa limechoka kukufundisha."

Nilitaka kusema asante, nikaitikia kwa kichwa. Safari hii hakunidai mdomo.

Niliporudi ukumbini, yule mama na mjukuu wake walikuwa wameshaondoka kuwahi gari la kurudi. Mezani walikuwa wamepanga vizuri mifupa upande mmoja na maganda ya ndizi upande mwingine, na meza wameifuta. Sijamwona tena. Wakati mwingine akiingia mama mzee na mtoto, moyo wangu hushtuka kidogo, nikitazama macho ya mtoto.

Dalali wa hina alipata habari kabla hata sijamfikia. "Kampuni kubwa namna hii," alikuwa akiwaambia vijana wa tuktuk, "imezunguka dunia yote, imekuja Garissa, imegundua weita!" Amelisema hilo kila wiki tangu siku ile, na kila mara hulicheka kama jipya. Tangazo la ukutani lililokuwa likimwambia mteja atoe jina lake liliondolewa, pakabaki alama ya mraba mweupe zaidi kuliko ukuta. Chumvi pia ilipunguzwa. Wanaosema haijapunguzwa vya kutosha wapo.

Jioni ile nilitembea mpaka nyumbani ingawa ningeweza kupanda tuktuk. Upepo ulikuwa unatoka mtoni na mbuzi walikuwa wanarudi wenyewe, wamejaa barabara, magari yakiwangoja. Nilijikuta natabasamu peke yangu, nikavuta shungi kufunika mdomo.

Mama alikuwa uani. "Wamekuweka?" akauliza hata kabla sijavua viatu.

"Wameniweka, hooyo."

"Na kuita?"

"Hakuna kuita tena. Nitawapelekea watu walipokaa."

Alisema alhamdulillahi, akaisema tena, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hapo ndipo nilipojua naye alikuwa ameibeba hofu yangu siku nzima. Mdogo wangu alikuwa ndani anasoma kwa sauti kitabu cha sayansi. Alikatiza kusoma, akasikiliza, akaendelea.

Nililala kwenye mkeka kunyoosha mgongo. Nilisikia kikombe, nikasikia sukari ikikorogwa. Kwa kawaida chai ikiwa tayari mama hutuita kutoka jikoni kwa majina, na asiyekwenda upesi hukuta ya baridi. Siku hiyo aliileta mwenyewe, akaiweka karibu na kichwa changu, akarudi kwenye moto.